Petroli Safi

Siku Rosalia alipolileta gari lake kwa wazazi wake, Magongo, babake, Gona, alilizunguka mara kadhaa, mikono ameifunga mgongoni. Lilikuwa gari la milango miwili, la buluu iliyokoza, limeinama chini mno hata mtu akajiuliza litapitaje kwenye matuta ya mtaani. Halikuwa jipya. Lilitoka Japani zamani, likawa mikononi mwa daktari mmoja wa Nyali, na daktari alipohamia ng'ambo akaliuza. Rosalia alikuwa amelitamani tangu siku alipoliona likipita barabara ya Kisauni, naye amekaa kando ya mwanafunzi aliyekuwa akihangaika kutafuta gia ya pili.

"Lina turbo?" Gona aliuliza mwishowe.

"Lina turbo, Baba."

"Na linakula nini?"

Rosalia akacheka. "Linataka ile petroli ya juu, ya oktani kubwa. Daktari aliniambia, na Fundi Hashim amenisisitizia. Hata hapa wameandika." Akafungua kifuniko cha tangi, akamwonyesha kibandiko chenye maandishi ya Kijapani ambayo hakuna kati yao aliyeweza kuyasoma.

"Petroli ni petroli, mayo," Gona akasema. Alimwita mayo, yaani mama, kwa kuwa jina lake la nyumbani lilikuwa la bibi yake mzaa baba. "Nimeibeba maisha yangu yote. Inashuka melini pamoja, inalala kwenye matangi yale pale pamoja. Huko mbele ndiko wanakoipa majina makubwa ili watu walipe zaidi."

"Si majina tu, Baba. Gari kama hili linataka petroli safi."

Rosalia hakulipima neno hilo. Lilimtoka kwa furaha tu. Lakini mamake, Nyamvula, aliyekuwa mlangoni na sinia la mihogo, alimwona mumewe akikaza taya na kuangalia pembeni.

"Njooni mle, chakula kinapoa," Nyamvula akasema haraka.

Gona alikuwa ameendesha malori ya mafuta tangu ujana hadi alipostaafu. Aliyapakia Changamwe, akayapeleka bara na hata kuvuka mpaka. Mwaka mmoja, Rosalia akiwa bado skuli ya msingi, mwenye stesheni moja huko bara alidai kwamba petroli aliyoletewa na Gona ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa. Kampuni ikamsimamisha kazi. Miezi ikapita bila kazi, anaamka alfajiri kama kawaida na hana pa kwenda. Hatimaye ikajulikana kwamba uchafu ulitiwa palepale stesheni, na Gona akarudishwa barabarani bila mtu kumwomba radhi. Lakini mtaani watu walikuwa wameshampa jina. Walimwita Mafuta Taa. Walilitamka kwa mzaha, naye alicheka pamoja nao, na kwa kuwa alicheka, wote waliamini kwamba halimuumi. Hata bintiye aliamini hivyo.

Kule Mjambere alikopanga, Rosalia hakuwa na mahali pa kuliegesha gari, kwa hiyo lililala Magongo, ndani ya ua wa wazazi wake, kando ya gari kuukuu la babake. Siku za kazi alishinda kwenye kigari kidogo cha skuli ya udereva, kilichobandikwa herufi nyekundu mbele na nyuma. Aliwafundisha mama wa makamo walioogopa kuachia klachi, vijana waliotaka kukimbia kabla ya kujua kusimama, na mchungaji mmoja aliyesali kwa sauti kila alipofika mzunguko wa barabara. Aliipenda kazi ile, ila ilikuwa kazi ya kwenda polepole. Jumapili alipolichukua gari lake na kulipeleka barabara pana ya kuelekea Mtwapa, turbo ikianza kuvuta na mgongo wake ukikandamizwa kitini, alijihisi amerudishiwa kitu ambacho wiki nzima alikuwa amekigawa kwa wengine.

Kila safari kama hiyo alianza kwa kusimama kwenye stesheni moja ya barabara kuu iliyouza petroli ya juu, si stesheni ya pale Magongo. Gona aliiona tabia hiyo. Alilifuta gari vumbi kila asubuhi, akakagua upepo wa magurudumu, akaangalia oili. Ni habari ya petroli tu ambayo hakuitaja tena.

Klabu moja ya madereva ilitangaza mashindano ya kupanda mlima katika machimbo ya zamani huko Bamburi, mahali ambapo mawe yalikwisha na pakabaki barabara ya lami inayopinda kutoka chini ya shimo hadi ukingoni. Kila dereva angepanda peke yake, mara mbili, na muda wake mzuri zaidi ndio ungehesabiwa. Rosalia akajiandikisha. Hakuwa amewahi kushindana. Alipomweleza babake, mzee aliacha kunywa chai.

"Na watu wa kawaida wanaruhusiwa kuja kutazama?"

"Wanaruhusiwa, Baba."

"Basi nitakuja. Nitakuja na kina Suleiman." Suleiman na mwenzake mwingine walikuwa madereva wenzake wa zamani, wastaafu kama yeye.

Jumamosi, kabla ya siku ya mashindano, Rosalia alishinda Kisauni na wanafunzi waliokuwa wakifanyiwa mtihani. Gona akachukua ufunguo wa akiba, akaliondoa gari kwa uangalifu, akalipeleka kuoshwa. Sindano ya mafuta ilikuwa chini kabisa, kwa kuwa Rosalia alipanga kujaza asubuhi akielekea Bamburi. Gona aliitazama sindano ile, akawaza jinsi mwanawe atakavyokimbizana na wakati, akaingia stesheni ya pale Magongo.

"Jaza," akamwambia mhudumu. "Mpaka juu."

Aliporudi, Nyamvula alimwuliza, "Umemwuliza mwenyewe, Baba Rosalia?"

"Nimwulize nini? Mtoto anakwenda mashindanoni, babake amemjazia mafuta. Kuna kosa?"

Nyamvula akamtazama, akarudi jikoni.

Jumapili asubuhi Rosalia alilikuta gari linang'aa. Babake alikuwa amesimama kando yake na shati lake la kanisani, viatu vimepigwa rangi.

"Leo usisimame popote," Gona akasema. "Nimekujazia."

Rosalia aliingia ndani, akawasha swichi, akaiona sindano ikipanda hadi mwisho. Hakuwa na haja ya kuuliza ni petroli ya wapi. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa tayari. Lakini alipoinua macho alimwona babake ameinama dirishani anamngojea, uso wake umekunjuka kama wa mtu aliyetoa zawadi na anasubiri ifunguliwe.

"Asante, Baba," akasema. "Umenifaa sana."

Huko machimboni alimkuta Fundi Hashim, mtu wa Likoni, mwembamba, na ndevu zilizoanza mvi, aliyelishughulikia gari lile tangu enzi za daktari. Rosalia akamvuta kando, akamweleza.

Hashim akashusha pumzi. "Tangi zima?"

"Zima."

"Twaweza kuyatoa. Natafuta mipira na madumu, tuyanyonye."

Rosalia akageuka. Ng'ambo ya kamba, babake na wenzake wawili walikuwa wamepata mahali pazuri kwenye ukingo wa mawe. Gona alikuwa anawaelekeza kwa kidole: gari lile, la buluu, pale.

"Ataona, Fundi. Hapana. Acha tu."

"Basi nisikilize, mamangu. Gari halitakufa kwa petroli hii ukienda nalo kwa adabu. Ukilikamua ndipo litakapolia. Ukisikia linagonga, toa mguu. Usishindane nalo, wallahi, utavunja pistoni."

Zamu yake ilipofika, bendera ikashuka, naye akaondoka. Kona ya kwanza aliikata vizuri. Ya pili pia. Halafu ukaja mpando mrefu ulionyooka chini ya ukuta wa mawe, na juu ya ukuta ule walisimama wazee watatu, mmoja wao anapunga kofia. Rosalia akasahau. Akakanyaga mafuta mpaka chini. Turbo ikavuta, gari likaruka mbele, na papo hapo akaisikia: sauti kavu, ya haraka, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Mguu wake ukatoka wenyewe. Gari likapooza. Alijaribu tena taratibu, akasikia nguvu zimepungua, kompyuta ya gari yenyewe imejihami. Akapanda sehemu iliyobaki kama mtu anayebeba mayai.

Mara ya pili hakujaribu kabisa. Alipanda kwa upole mwanzo hadi mwisho. Majina yaliposomwa, lake lilikuwa karibu na mkia, nyuma hata ya msichana mmoja anayeitwa Fancy aliyekuja na gari la mjombake la kwendea sokoni.

Gona alimjia akitembea haraka. "Ilikuwaje? Ulianza vizuri! Pale kwenye mpando ukaacha. Nilikuona ukiacha."

"Niliogopa, Baba. Ile kona ya juu ilinitisha."

Suleiman akacheka, si kwa ubaya. "Mwanamke na kona, Gona. Mwache afundishe wenzake kuegesha."

Gona hakucheka. "Kuogopa ni akili," akamjibu mwenzake. "Wewe ungeogopa kule Mtito, lori lako lisingelala ubavu." Akamshika Rosalia bega. Lakini Rosalia aliuhisi mkono ule ukiwa mzito, akajua kwamba mzee amevunjika moyo na anajitahidi kumficha hilo, kama yeye naye anavyomficha habari ya petroli.

Jioni ile, wakiosha vyombo, Nyamvula alimwambia bintiye kwa sauti ya chini, "Wewe hujaogopa kona tangu ulipoanza kutembea."

Rosalia akamsimulia yote.

"Mwambie," mamake akasema.

"Nimwambieje, Mama? Alivaa shati la kanisani."

Nyamvula akaongeza sabuni. Akaendelea kusugua sufuria.

Wiki hiyo Rosalia alipata nafasi, akaamua kulipeleka gari Likoni kwa Hashim, lifunguliwe plagi na kuhakikishwa kwamba halikuumia. Gona akasema atafuatana naye. Alitaka kupita barabara mpya ya Dongo Kundu, aione ile misitu ya mikoko na madaraja marefu ambayo kila mtu aliyasifu. Kwa muda walikwenda vizuri. Gona alifungua kioo, akaweka kiwiko nje, akayatazama maji chini ya daraja. Alisema kwamba zamani kufika Likoni na lori kulimaanisha kungoja feri hadi mtu akasahau alichokwendea.

Baada ya daraja, barabara ikaanza kupanda. Mbele yao lori la kontena lilikuwa linatambaa, likitoa moshi mweusi. Rosalia akachungulia, akaona njia nyeupe, akatoka kulipita. Walipokuwa ubavuni mwa lori, juu kwenye mpando gari dogo likachomoza likija mbio. Hapakuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Rosalia akashusha gia, akakanyaga. Gari likaitika, likanguruma, na katikati ya mngurumo ule kokoto zikatikisika mkebeni.

Walipita. Rosalia akarudi upande wake, akatoa mguu. Gari dogo likapita likipiga honi.

Gona alikuwa amefunga kioo.

"Simama pembeni," akasema.

Rosalia akasimama. Lori walilolipita likawafikia, likawapita tena, likaenda zake. Gona alikaa akitazama mbele.

"Hiyo ni injini inagonga," akasema. "Naijua sauti hiyo. Magari yetu madogo ya zamani yalikuwa yakigonga hivyo kwenye milima, yakitiwa petroli mbovu." Akaigusa dashibodi. "Kule Bamburi iligonga?"

"Baba..."

"Nakuuliza, mayo. Iligonga?"

"Iligonga."

"Kwa petroli niliyotia mimi."

"Ndiyo, Baba."

Gona akatingisha kichwa polepole. Rosalia alimngojea akasirike, aseme jambo kuhusu fundi au daktari. Badala yake mzee alianza kusugua magoti kwa viganja.

"Nimewaambia watu mwanangu ni mwoga," akasema. "Juzi tena, kwa kinyozi. Nikasema ana akili, lakini mwoga kidogo. Na wewe ukaniacha niseme."

"Sikutaka uumie."

"Kwani mimi mgonjwa? Mgonjwa ndiye anayefichwa habari." Sauti yake ilipanda, kisha ikakatika. "Ungeniambia asubuhi ile ile. Ningekwenda na ndoo mwenyewe nikayatoe."

"Ningekwambiaje? Kila nikitaja petroli unageuza uso. Ulinuna tangu siku ya kwanza, Baba, nami sijui kosa langu."

Gona akageuka kumtazama. "Hujui?"

"Sijui."

"Ulisema petroli safi."

Rosalia aliushika usukani kwa mikono miwili. Neno lile alilikumbuka sasa, na jinsi mamake alivyoharakisha kuwaita kwenye chakula.

"Miaka yote ile watu wananiita Mafuta Taa," Gona akasema. "Nacheka, maana ukiwaonyesha kwamba unaumia hawaachi. Lakini kila tone nililobeba lilifika kama nilivyolipakia. Kila tone, mayo. Sikuwahi hata kuchota la kuoshea mikono. Halafu mwanangu mwenyewe, niliyemlisha kwa petroli hiyo hiyo, ananisimamia uani na kuniambia gari lake linataka iliyo safi."

Rosalia alilia. Hakujaribu kujizuia. Alikumbuka watoto wa skuli waliokuwa wakiziba pua akipita, na jinsi alivyofika nyumbani na kumkuta babake anamngojea kizingitini, anauliza amejifunza nini leo. Hakuwahi kumwambia habari ya pua. Naye babake hakuwahi kumwambia kwamba jina lile linamuuma. Walikuwa wamefichana kwa muda mrefu kuliko alivyodhani.

"Sikumaanisha hivyo, Baba. Nilitumia neno baya. Nisamehe."

"Nami nilikutilia petroli bila kukuuliza." Gona akatoa leso, akajifuta uso, kisha akampa. "Haya, washa. Huyo fundi wako anatungoja. Lakini nenda pole, usiliue gari."

Gereji ya Hashim ilikuwa uani mwa nyumba ya babake, Likoni, chini ya paa la mabati. Hashim alipomwona mzee akishuka, alifuta mikono kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, nimekuja kuuliza swali, nawe unijibu bila kunionea haya. Petroli ya pale Magongo ni chafu?"

Hashim akamtazama Rosalia, akaona macho yake mekundu, akaelewa kwamba siri imetoka.

"La, mzee. Si chafu hata kidogo. Mimi mwenyewe naitia kwenye gari langu." Akafungua boneti, akatoa plagi moja, akaigeuzageuza. "Oktani si usafi. Si nguvu pia, ingawa wauzaji wapenda kusema hivyo. Ni subira. Gari hili lina turbo, laibana petroli na hewa pamoja, laibana sana, mpaka ipate moto. Sasa ile ya kawaida, ikibanwa hivyo, yashindwa kungoja. Yalipuka yenyewe kabla ya wakati wake. Ndiyo sauti ile ya kugonga uloisikia. Ile ya oktani kubwa yangoja mpaka iitwe."

"Kwa hiyo ni kweli hili linaihitaji."

"Hili laihitaji, hasa likikimbizwa. Ukienda nalo sokoni na kurudi, hutaona tofauti kubwa."

"Na gari langu mimi? Lile langu la zamani?"

Hashim akatabasamu. "Lako halibani kitu, mzee. Ukilitia ya ghali, walipa bure. Halitakushukuru."

Gona akaichukua plagi ile, akaitazama. Rosalia alimwona mabega yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo uliomchosha zaidi ya alivyokiri. "Basi sikuwa nimekosea kabisa," akasema.

"Hukukosea kabisa," Hashim akakubali. "Wala yeye hakukosea. Kila mmoja wenu alikuwa akizungumza habari ya gari lake."

Plagi zilikuwa salama, na injini haikuwa imedhurika. Rosalia akauliza kama sasa wayatoe yale mafuta yaliyobaki. Hashim akasema hakuna haja ya kuyapoteza. Wayatumie kidogo kidogo, kwa mwendo wa upole, mpaka tangi liishe, kisha wajaze ya juu.

Ndivyo walivyofanya. Tangi lile lilichukua muda kuisha, maana Rosalia hakulikimbiza gari hata mara moja. Kila alipopata jioni ya mapumziko alipitia Magongo, na Gona alikuwa tayari amekaa kwenye ngazi. Walikwenda Mazeras kwa dada yake Gona, ambaye hakuwa ameonana naye tangu mazishi ya mwisho. Walikwenda Bamburi kununua samaki wa kukaanga, wakala ndani ya gari, madirisha wazi. Mwendo ulikuwa wa pole kiasi kwamba waendesha bodaboda waliwapita wakiwashangaa. Njiani Gona alizungumza. Alimsimulia usiku wa mvua huko bara ambapo barabara ilikatika, na madereva wa mafuta wakalala siku mbili bila kuwasha moto hata wa kuchemshia chai, kwa kuogopa mizigo yao. Alimwambia jinsi miezi ile ya kusimamishwa kazi alivyokuwa akitoka asubuhi na kuketi karibu na uwanja wa ndege, akihesabu ndege zinazotua, ili watoto wasimwone amekaa bure. Rosalia naye akamwambia habari ya watoto walioziba pua. Gona akamwuliza majina yao. Mmoja wao, ikajulikana, alikuwa ndiye mwenye stesheni ya Magongo siku hizi. Wakacheka wote wawili mpaka Rosalia akalazimika kusimama pembeni.

Klabu ilipotangaza mashindano mengine palepale machimboni, Gona aliamka mapema. Safari hii hakuchukua ufunguo wa akiba. Alimngoja bintiye, akakaa kando yake, wakaenda pamoja hadi stesheni ya barabara kuu. Rosalia akamwambia mhudumu ajaze ile ya juu. Gona alishuka, akasimama karibu na pampu, akaitazama petroli ikiingia, akainusa hewa kama mzee anavyomnusa mjukuu.

"Harufu ni ile ile," akasema, akarudi ndani.

Nyamvula naye alikuja siku hiyo, mara ya kwanza, kwa gari la Suleiman. Alikataa kusimama ukingoni pamoja na wazee. Alitandika leso yake mahali penye kivuli cha ukuta wa mawe, mbali kidogo, akasema atayaangalia tu mawingu.

Rosalia alipanda. Kona ya kwanza, ya pili, halafu mpando mrefu. Akakanyaga mafuta mpaka chini akiwa amekaza meno, masikio yote yako kwenye injini. Akasikia turbo ikivuta kwa mluzi, akasikia upepo, akasikia magurudumu. Hakusikia kokoto. Gari lilipanda na kupanda, na kona ya juu ilipokuja aliikata kwa ndani, nyuma ikateleza kidogo, akaishika, akatokea ukingoni penye jua.

Hakushinda. Alikuwa wa nne, na aliyekuwa wa kwanza alikuwa na gari ambalo hata Hashim aliliangalia kwa heshima. Lakini msomaji wa majina alipolitaja lake, wazee watatu walipiga kelele kama vijana, na Suleiman akavua kofia yake, akamwinamia Rosalia.

"Mwalimu," akasema, "nilisema neno juzi. Nalirudisha."

"Na jina lile la Gona je?" Nyamvula akauliza, akija na leso yake mkononi. Alilisema kwa upole, lakini alimtazama usoni. "Hilo utalirudisha lini?"

Suleiman akaduwaa. Akamgeukia rafiki yake, akayaona macho ya Gona, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile Gona hakucheka.

"Kumbe," Suleiman akasema taratibu. "Kumbe, ndugu yangu. Hukuwahi kusema."

"Nasema sasa," Gona akamjibu.

Suleiman akampa mkono, na Gona akaupokea. Hashim, aliyekuwa ameinama juu ya injini iliyo moto, aliwaomba wampishe mwanga.

Wakati wa kurudi, Nyamvula alisema hapandi tena gari la Suleiman, linanuka samaki. Alisisitiza kurudi na bintiye. Gari lilikuwa na viti viwili vya nyuma, vidogo kama vya watoto, na kumwingiza huko kulihitaji Gona asukume na Rosalia avute. Alipokwisha kukaa, magoti yalimfika kidevuni.

"Pesa zote hizi," akasema kutoka nyuma, "na hawakuweza kutia milango miwili zaidi?"

"Kaa upande, Mama," Rosalia akasema akicheka, "utapata nafasi."

"Mayo," Gona akasema, akijifunga mkanda, "mpeleke mamako pole. Hatuko mashindanoni."

"La," Nyamvula akasema. "Nimesikia habari za turbo hii tangu lini. Tukifika penye barabara pana, nataka niisikie mwenyewe."